Mto, Mkataba na Picha za Angani: Kuhama kwa Mikondo kama Suala la Historia

Mkataba uliotiwa sahihi mjini London tarehe 3 Februari 1915 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliweka mpaka wa Kongo na Uganda katika nchi ya Rwenzori. Mpaka huo hushuka kutoka mlimani kwa kuufuata mto Lamia hadi unapokutana na Semliki, kisha huufuata Semliki hadi mlango wake katika Ziwa Albert. Kwa Semliki waandishi wa mkataba walichagua neno la Kijerumani ambalo Wafaransa na Waingereza nao hulitumia, na ambalo hapa tutaliandika talvegi: ni mstari unaopita katika vina vikubwa kabisa vya mto, kutoka juu hadi chini. Mezani mwao walikuwa na matokeo ya kazi ya tume ya Waingereza na Wakongo iliyopima nchi hiyo katika miaka ya 1907 na 1908. Mto waliokuwa nao akilini ulikuwa mstari wa wino.

Tangu siku ile waliotia sahihi wamekwisha kufa, dola mbili zilizowatuma zimeondoka, na mto umeendelea na shughuli zake. Semliki hutoka Ziwa Edward huko Ishango, hupita magharibi ya Rwenzori, hushuka karibu mita 300 kabla ya kuingia Ziwa Albert, na katika sehemu yake ya mwisho hutembea katika uwanda tambarare wa udongo laini. Mto unaotembea katika nchi ya namna hiyo haunyooki. Hufanya vizingo, hula ukingo wa nje wa kila kizingo na kutua mchanga katika ukingo wa ndani. Na siku ya mafuriko huweza kukata shingo ya kizingo, ukapata njia fupi na kuacha nyuma ziwa dogo lenye umbo la upinde. Msafiri wa ndege ndogo kutoka Bunia kwenda Entebbe, akijaliwa siku isiyo na mawingu, huziona alama hizo zimetapakaa uwandani, nyingine zina maji, nyingine zimejaa matete tu.

Swali la makala haya ni hili: mwanahistoria anawezaje kujua mto ulikuwa wapi mwaka fulani, na anaweza kulithibitisha jambo hilo kwa kiasi gani? Huenda msomaji akauliza pia swali hili linatafuta nini katika jarida la taaluma za Kiswahili. Tuna majibu mawili. Kwanza, Kiswahili ndicho lugha ya masoko, magati na barabara za Ituri na Kivu ya Kaskazini, na watu wanaoathirika mto unapohama huyaeleza masaibu yao kwa lugha hiyo. Pili, kama tutakavyoona, sehemu kubwa ya ugomvi wa mito ni ugomvi wa maneno, na kazi ya kupima maneno ni yetu.

Kula ukingo na kukata njia

Wanasheria wa mataifa hutofautisha namna mbili za kuhama kwa mto. Mto ukihama polepole, kwa kumomonyoa upande mmoja na kujaza upande mwingine, mpaka huhama pamoja nao. Mto ukihama kwa ghafla, kwa kukata njia mpya, mpaka hubaki katika njia ya zamani hata kama njia hiyo imekauka. Kiswahili kina uwezo wa kuieleza tofauti hii bila kukopa neno: twaweza kusema mto umekula ukingo, au twaweza kusema mto umekata. Mkulima anayesikia maneno hayo mawili hahitaji kuelezwa kwamba katika hali ya kwanza shamba lilipungua mwaka hadi mwaka, na katika hali ya pili aliamka asubuhi akakuta shamba lake liko ng'ambo.

Kanuni hii ni nzuri darasani. Uwandani hutaka ushahidi ambao mara nyingi haupo. Mfano ujulikanao sana ni ule wa Chamizal, kati ya miji ya El Paso na Ciudad Juárez, ambako mto Rio Grande ndio mpaka wa Marekani na Mexico. Mto ulipimwa mwaka 1852, kisha ukasogea kuelekea kusini, na mafuriko ya mwaka 1864 yakausogeza zaidi. Mwaka 1911 wasuluhishi, wakiongozwa na mwanasheria kutoka Kanada, waliamua kuigawa ardhi hiyo kwa kufuata mahali ulipokuwa mto mwaka 1864: iliyojengeka polepole kabla ya hapo iwe ya Marekani, iliyojitokeza baada ya hapo iwe ya Mexico. Marekani ilikataa hukumu hiyo, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba hakuna awezaye kuonyesha mto ulipita wapi mwaka 1864. Hoja hiyo ilikuwa ya kujitetea, bila shaka, lakini ilikuwa na ukweli ndani yake. Ugomvi uliendelea hadi mkataba wa mwaka 1963. Watu wapatao 5,000 walihamishwa kutoka upande wa El Paso, na mto wenyewe ukafungwa katika mfereji wa saruji ili usirudie tena tabia yake.

Afrika haina fedha za kuifunga mito yake yote katika saruji, wala haitakuwa busara kufanya hivyo. Nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zilipokutana Cairo mwezi wa Julai 1964, ziliahidi kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Uamuzi huo umeokoa damu nyingi. Lakini pale ambapo mpaka ni mto, mtu ana haki ya kuuliza: ni mto wa siku gani?

Macho kutoka juu

Kabla ya ndege, ushahidi wetu juu ya mito ni wa aina tatu: ramani za wapelelezi, taarifa za maofisa, na kumbukumbu za wenyeji. Ramani za wapelelezi huonyesha mto pale tu mpelelezi alipoukaribia. Katikati hujazwa kwa kukisia, na vizingo vinavyochorwa ni vya mapambo. Stanley aliposhuka bonde la Semliki mwaka 1889 pamoja na Emin Pasha alikuwa akiongoza msafara wenye njaa. Hakuwa akipima kingo.

Picha ya angani ilileta jambo jipya kabisa: iliuona mto wote kwa siku moja, bila kuchagua. Sanaa hii ilikomaa katika Vita Kuu vya kwanza, ikaingia Afrika katika miaka ya 1920, na baada ya Vita Kuu vya pili ikawa kazi ya kila mwaka ya serikali za kikoloni. Mwaka 1946 Waingereza waliunda ofisi ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, na ndege za kijeshi zilizorudi kutoka vitani zikapewa kazi ya kupiga picha bara hili. Upande wetu, Taasisi ya Jiografia ya Kongo ya Wabelgiji, mjini Léopoldville, ilisimamia kazi kama hiyo hadi mwisho wa miaka ya 1950. Nia haikuwa kuwasaidia wanahistoria. Ilikuwa barabara, pamba, madini na kodi. Lakini kamera haikuweza kuliacha shamba la mtu au kijiji chake kwa kuwa hakikutakiwa na ofisi, iliviandika vyote.

Mkusanyo mkubwa wa picha za Kongo umehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles. Zile za makoloni ya Waingereza nyingi ziko Edinburgh. Kwa hiyo mto kama Semliki, ambao mpaka unapita katikati yake, kumbukumbu zake nazo zimegawanyika katikati, na mtafiti wa Bunia au Beni anayetaka kuziona kingo zote mbili za mto wa kwao anapaswa kuandika barua kwa nchi mbili za ng'ambo. Hatuwalaumu wahifadhi: karatasi hizo zingekuwa chini ya mvua na risasi, pengine zisingekuwapo leo. Lakini hali ndiyo hiyo, na nakala za kompyuta zimeanza tu kuipunguza.

Kisiwa chenye majina mawili

Kesi inayotufundisha zaidi juu ya picha za angani mbele ya sheria haikutoka Ulaya wala Marekani. Ilitoka kwenye mto Chobe, karibu na unapoingia Zambezi. Hapo mto hugawanyika mikono miwili kukizunguka kisiwa chenye ukubwa wa kilometa za mraba 3.5 hivi, ambacho watu wa Namibia hukiita Kasikili na watu wa Botswana hukiita Sedudu. Kila mwaka, kwa miezi mitatu au minne kuanzia karibu na mwezi wa Machi, mafuriko hukifunika.

Mkataba uliohusika ni ule wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Wasomaji wa historia ya pwani wanaujua kwa sababu nyingine: ndio uliowafanya Wajerumani waukubali ulinzi wa Waingereza juu ya Zanzibar, nao wakapewa kisiwa cha Heligoland. Katika kifungu kinachohusu Afrika ya Kusini-Magharibi, maandishi ya Kiingereza yalitaja katikati ya mkondo mkuu wa mto. Maandishi ya Kijerumani yalitaja talvegi ya mkondo mkuu. Hapo mwanaisimu angetarajia vita virefu, maana katikati ya mto na mahali penye kina kirefu kabisa si lazima pawe pamoja. Lakini pande zote mbili zilikubaliana kwamba maneno hayo mawili yalikusudia kitu kimoja. Vita vilikuwa juu ya neno dogo zaidi: mkuu. Mto una mikono miwili. Upi ndio mkuu? Wenye kina zaidi? Wenye upana? Unaopitisha maji mengi? Au ule unaoonekana wazi zaidi kwa mtu anayetazama?

Swali hilo lilikuwa limeulizwa zamani. Mwaka 1912 ofisa mmoja wa polisi wa Bechuanaland, Kapteni Eason, aliupima mto akasema mkono wa kaskazini ndio mkuu. Mwaka 1948 maofisa wawili, Trollope wa Caprivi ya Mashariki na Redman wa Bechuanaland, waliandika taarifa ya pamoja, wakitumia picha ya angani iliyopigwa mwaka 1943. Taarifa yao ni fupi, nayo ina mkanganyiko ndani yake. Picha, walisema, yaonyesha mkondo mkuu uko upande unaokiweka kisiwa ndani ya Bechuanaland. Lakini tangu angalau mwaka 1907, wakaongeza, kisiwa kimekuwa kikitumiwa na watu wa Caprivi, bila mtu kuwapinga. Yaani picha ilisema hivi na majembe yalisema vile, na maofisa wale wakaviandika vyote viwili katika karatasi moja, wakarudi kwenye vituo vyao.

Botswana na Namibia ziliipeleka shauri hilo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague mwaka 1996. Mahakama ililetewa picha za angani zilizopigwa kati ya mwaka 1925 na 1985, pamoja na picha za satelaiti za mwezi wa Juni 1975. Jambo la kwanza ambalo picha hizo zilithibitisha, na ambalo mara nyingi husahauliwa, ni kutobadilika. Mahakama ilipaswa kujua kama mto wa leo waweza kuusemea mto wa mwaka 1890. Mfululizo wa picha, ukiungwa mkono na taarifa za zamani, ulionyesha kwamba kisiwa hakikuwa kimebadilika sana umbo lake wala mahali pake. Basi vipimo vya siku hizi vikakubaliwa. Sisi wanahistoria hupenda kutafuta mabadiliko. Katika shauri hili aliyeweza kuonyesha kwamba mto ulikaa pale pale ndiye aliyefungua mlango wa hukumu.

Jambo la pili ni mipaka ya picha yenyewe. Mkono wa kusini, wenye kingo za mchanga mweupe, huonekana vizuri kutoka juu, na Namibia ilitaka mwonekano huo uhesabiwe. Mahakama haikukubali kwamba kwa mwonekano mkono wa kusini unaushinda ule wa kaskazini. Mchanga hung'aa kwa sababu ni mchanga. Haueleze kina cha maji yaliyo kando yake. Kina kilipimwa kwa vyombo mtoni: mkono wa kaskazini ulikuwa na wastani wa mita 5.70, na ule wa kusini ulikuwa na kina kidogo zaidi kwa mita 2.13. Tena Mahakama iliamua kwamba mikono ilinganishwe wakati wa maji machache, si wakati wa mafuriko, kwani wakati wa mafuriko nchi nzima huwa mto mmoja.

Tarehe 13 Desemba 1999, kwa kura 11 dhidi ya 4, kisiwa kilipewa Botswana. Wasubia wa Caprivi waliokuwa wamelima pale kwa vizazi hawakukataliwa kwamba walilima. Mahakama ilisema tu kwamba kulima kwao hakukuwa kazi ya dola. Iliongeza pia, kwa kauli moja, kwamba raia na vyombo vya nchi zote mbili vitendewe sawa katika mikono yote miwili ya mto. Binafsi naona ile nyongeza ndiyo sehemu yenye hekima zaidi katika hukumu nzima, ingawa haimrudishii mtu shamba.

Kazi ya kupima

Wanafunzi wengi hudhani kwamba ukiwa na kompyuta na picha mbili za miaka tofauti, kazi imekwisha: weka moja juu ya nyingine, tazama mto ulivyosogea. Yafaa tukae kidogo hapa.

Ndege ya upimaji huruka katika mistari iliyonyooka, ikipiga picha zinazopandana. Kwa kawaida kila picha huifunika ile iliyotangulia kwa asilimia 60, na kila mstari huupanda mstari wa jirani kwa asilimia 30 hivi. Kupandana huko ndiko kunakowezesha picha mbili kutazamwa pamoja katika stereoskopu na nchi ikaonekana na mwinuko wake. Skeli ya picha hutokana na umbali wa kamera kutoka ardhini: lenzi ya milimeta 152 ikiwa mita 6,080 juu ya ardhi hutoa skeli ya 1:40,000. Katika skeli hiyo picha yenye upande wa sentimeta 23 hufunika nchi yenye upande wa kilometa 9.2, na milimeta moja ya karatasi ni mita 40 za ardhi. Ikipitishwa katika skana kwa nukta 1,200 kwa inchi, kila pikseli huwa na karibu sentimeta 85 za ardhi. Huo ni ukali wa kutosha kuuona mtumbwi ulioegeshwa.

Lakini picha si ramani. Ndege huinama kidogo, na palipo na mlima kilele husogea kutoka mahali pake picha inapopigwa. Kwa sababu hiyo picha hufungwa kwenye ardhi kwa nukta za udhibiti, yaani mahali panapotambulikana katika picha ya zamani na katika ramani ya leo: kona ya kanisa, njia panda, mwamba, daraja. Palipo na mji, nukta hupatikana kwa urahisi. Katika uwanda wa mafuriko, ambako vibanda hujengwa kwa matete na njia hubadilika kila masika, mtafiti hutafuta mchana kutwa akapata nukta nne, na tatu kati yake ziko upande mmoja wa picha. Programu haitamkemea, itaipinda picha kama ilivyoagizwa na kutoa jibu zuri la uongo.

Wazo la kuzipandanisha ramani kwa kompyuta lina nasaba inayogusa nchi za huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Roger Tomlinson, aliyekuwa katika kampuni ya Spartan Air Services ya Ottawa, alishughulika na mradi wa kutafuta mahali pa kupanda misitu nchini Kenya. Kuzilinganisha ramani nyingi kwa mkono kulionekana ghali mno, naye akapendekeza kompyuta ifanye kazi hiyo. Mradi wa Kenya haukuendelea kwa njia hiyo, lakini wazo lilikua likawa Mfumo wa Taarifa za Kijiografia wa Kanada, na kutoka hapo ukoo mzima wa programu. Leo programu ya QGIS, iliyoanza mwaka 2002, hupatikana bila malipo. Tofauti na miaka ambayo programu za namna hiyo zilihitaji mashine ya thamani ya nyumba, chuo chenye kompyuta moja na umeme wa saa chache chaweza kufanya kazi.

Picha zikishafungwa, mtafiti huchora kingo za mto kwa kila mwaka, hutafuta mstari wa katikati, hukata mistari ya kupimia kwa umbali ulio sawa, na kusoma mto umesogea kiasi gani katika kila mstari. Hapa ndipo uaminifu hujaribiwa. Tuseme picha ya zamani ina kosa la mita 12, na ya pili kosa la mita 5. Makosa hayo mawili kwa pamoja hutoa mita 13, maana huunganishwa kwa miraba yake. Mto uliosogea mita 10 kati ya picha hizo mbili haujasogea. Au tuseme, hatuwezi kujua kama umesogea. Mto uliosogea mita 60 kwa miaka 40 umehama kweli, kwa wastani wa mita 1.5 kwa mwaka, lakini wastani huo hausemi kama ulikula ukingo miaka yote 40 au ulikata usiku mmoja. Na hiyo, tumekwisha kuona, ndiyo tofauti inayoamua nchi ni ya nani. Picha mbili hazitoshi. Zatakiwa tatu, nne, tano. Na mahali pengi zipo, tukichanganya picha za ndege za miaka ya 1950, picha za kijasusi za satelaiti za Marekani zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1995, na picha za Landsat, ambayo ilianza kuruka mwaka 1972 na hazina yake ikaachwa wazi bila malipo mwaka 2008. Za mwanzo za Landsat zina pikseli za karibu mita 80, kwa hiyo haziwezi kupima ukingo wa mto mdogo. Zaweza kusema tu kama kizingo fulani kilikuwa bado kipo au kimekatwa. Mara nyingi hilo ndilo tunalotaka.

Tarehe nayo ni ushahidi. Ukingo uliopigwa picha katika kiangazi na ukingo uliopigwa picha wakati wa masika si ukingo mmoja, hata kama mto haukutikisika. Pembeni mwa picha nyingi za zamani kuna ukanda mweusi wenye saa, namba ya picha na kipimo cha mwinuko wa ndege. Nakala tulizopata siku moja kutoka ofisi fulani zilikuwa zimekatwa ukanda huo kwa makasi, zipate kuingia vizuri katika majalada. Majalada yalikuwa safi sana. Picha zilikuwa za mwaka wowote na mwezi wowote, na hatukuweza kuzitumia ila kuwaonyesha wanafunzi hasara ya makasi.

Semliki tena

Turudi tulikoanzia. Mwaka 2006 mafuta yaligunduliwa upande wa Uganda katika bonde la Ziwa Albert. Mwaka uliofuata kisiwa kidogo cha Rukwanzi kilileta ugomvi wa bunduki kati ya majeshi ya nchi zetu mbili, na tarehe 8 Septemba 2007 marais walikutana Ngurdoto, karibu na Arusha, wakatia sahihi makubaliano yaliyogusa pia suala la alama za mpaka. Viongozi wa Uganda wamelalamika mara kadhaa kwamba Semliki unaila ardhi ya upande wao, na wataalamu wao wametaja mifugo mingi inayokanyaga kingo na kumaliza nyasi zinazoushika udongo. Kama mto unaila Uganda polepole, basi kwa kanuni ya jumla mpaka unahama nao, na Kongo inakua bila kufanya lolote. Kama ulikata, mpaka umebaki kwenye kile kiziwa chenye umbo la upinde, na mfugaji anayedhani yuko nchini mwake huenda yuko ugenini. Askari anayemsimamisha hana picha ya mwaka 1955 mfukoni.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mlango wa mto. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua zisizo za kawaida ziliyainua maziwa makubwa ya Afrika ya Mashariki. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na Albert, linalopokea maji yake kupitia Nile, likapanda pia. Kwa hiyo picha zilizopigwa katika miaka ya 1950 zinauonyesha mlango wa Semliki kabla ya ziwa kuinuka, na picha zote zilizofuata zinauonyesha baada yake. Mtafiti asiyelijua hilo ataona pwani imerudi nyuma na mikono ya delta imebadilika, ataandika kwamba mto umekula nchi, na atakuwa amekosea: ni ziwa lililoifunika. Mwaka 2020 maji yalipanda tena, na vijiji vya wavuvi vya pande zote mbili vikaingiliwa na ziwa.

Programu haina njia ya kuligundua kosa la namna hiyo. Mzee mvuvi anayo. Akiulizwa lini mkono fulani wa delta ulizama, hatataja mwaka. Atataja mvua za wakati ule nchi zilipopata uhuru, au mwaka alipozaliwa mtoto wake wa pili, nasi tunajua namna ya kuibadilisha kumbukumbu hiyo kuwa tarehe, maana ndiyo kazi tuliyofundishwa. Wapima ardhi wanalo jina la kazi ya kukagua picha kwa miguu, nao huifanya kwa kupima kingo na miti. Tungependekeza wanafunzi wetu waingie katika kazi hiyo na daftari la pili, la majina: majina ya vizingo, ya mikono iliyokufa, ya malisho yaliyoko ng'ambo na bado yanaitwa kwa jina la ukoo wa upande huu. Jina la namna hiyo likipatikana kando ya upinde wa matete, na picha ya miaka ya 1950 ikiuonyesha upinde huo ukiwa bado mto, mahali pa mkondo wa zamani patakuwa na mashahidi wawili wasiojuana.

Kazi yaweza kuanzia maungano ya Lamia na Semliki, ambako milima iko karibu na nukta za udhibiti zapatikana, kisha ishuke kuelekea ziwani kadiri picha zitakavyoruhusu. Delta iachwe ya mwisho.